Bichi na paki za Mombasa: uliza maji kwanza

Kila likizo ikikaribia naulizwa maswali yale yale na watu wa bara wanaokuja Mombasa, wakae wapi, bichi gani nzuri, watoto wapelekwe wapi, na mi huwa nauliza langu kwanza, siku mtakayofika mwezi utakuwa wapi? Wengi wanadhani nawazungusha. Lakini nimeishi na hii bahari miaka mingi na nimeona familia nyingi zikishuka kwa matatu saa nne asubuhi na mabegi na watoto na furaha yao yote, wanafika ufukweni maji yamekwenda zake huko mbali karibu na mwamba, kilichobaki ni mawe na vidimbwi na mwani, wanakaa wanasubiri, saa saba wanachoka wanaondoka, na jioni maji yanakuja mazuri kabisa wao wakiwa washarudi walikofikia. Halafu wanasema bichi za Mombasa si kitu. Kwa hivyo hii rivyu naiandika kwa kufuata maji, manake ndivyo mji wenyewe unavyokwenda.

Elimu yake ni nyepesi na kila mvuvi anayo kichwani. Maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inaweza kupita mita 3, na hapa Mombasa siku hizo maji hukupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ndio maji mafu, hayapandi sana wala hayaendi mbali, na hapo saa zinageuka, yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kupungua jioni. Baina ya hizo kila siku saa inasogea mbele karibu dakika 50. Ndio maana Idd ya mfungo mosi, ile ya baada ya Ramadhani, bichi inafurika watu jioni na maji yamejaa mpaka juu, mwezi umetoka kuandama, ni bamvua hiyo, bahari nayo iko kwenye sikukuu. Idd ya kuchinja ni tarehe kumi ya mwezi, maji yanajaa karibu na adhuhuri na jioni yameshaondoka, na kila mwaka kuna watu wanashangaa. Jedwali la maji lipo kwenye simu, tafuta la Mombasa ama Kilindini uangalie kabla hujapanga kitu chochote, ni dakika moja tu.

Sasa tuseme umekuja siku za bamvua. Asubuhi usiende baharini, nenda Haller Park pale Bamburi kando ya barabara ya Malindi, na mi kwangu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote Mombasa na nitapatetea mbele ya mtu yeyote. Ukiingia unaona msitu, kivuli, vidimbwi, nyani juu ya miti, upepo mpole, na mtu asipokwambia huwezi kujua kwamba hapo unapokanyaga ni shimo la machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi 1954 na mawe yake yalikuwa matumbawe ya kale, wakachimba wakachimba mpaka pakabaki jangwa jeupe lenye joto, hakuna udongo, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 Mswisi mmoja anayeitwa René Haller akapewa kazi ya kujaribu kupaotesha kitu. Alijaribu miti aina 26, ikashika mitatu tu, mvinje, mnazi na mti mwingine wa huko Pembe ya Afrika. Mvinje ndio ulioleta mambo, manake mizizi yake hufuga bakteria wanaoutengenezea mbolea wenyewe, unaweza kumea mahali pasipo na rutuba hata kidogo. Lakini majani yake makavu yalianguka yakarundikana tu bila kuoza. Basi wakaleta majongoo, ndio, majongoo hawa hawa wekundu wa miguu mingi ambao watoto wanawaogopa, wakayala yale majani na mavi yao ndiyo yaliyokuwa udongo. Udongo wote unaotembea juu yake mle ndani ulianza na jongoo! Mwaka 1984 pakafunguliwa watu waingie, siku hizo pakiitwa Bamburi Nature Trail.

Mi huwa nawaambia wazazi, wahadithie watoto hiyo habari kabla ya kuingia, mkiwa njiani, manake wakiijua watatafuta majongoo wenyewe na watatembea bila kulia kwamba wamechoka. Halafu kuna habari ya Owen, hiyo kila mtoto aliyesoma Kenya ashaisikia, kiboko mdogo aliyepelekwa na mafuriko ya Mto Sabaki mpaka baharini, tsunami ya Disemba 2004 ikamkuta huko Malindi amepotezana na wenzake, watu wakamwokoa kwa shida sana akaletwa hapa, akafika akamfuata kobe mmoja mkubwa wa Aldabra anayeitwa Mzee, umri wake ulikadiriwa miaka 130 hivi, akalala naye, akala naye, akamfanya ndiye mamake. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Makobe wakubwa wa aina hiyo bado utawaona wakijivuta njiani, na we wapishe, njia ni yao.

Twiga wanalishwa kwa ratiba, kawaida saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, viboko saa kumi. Fika kabla ya hapo nusu saa. Unapanda kwenye jukwaa, unapewa chakula kiganjani, twiga anainama na ule ulimi wake mrefu mweusi anakuramba mkono mzima, na nimeona watu wazima wenye heshima zao wakipiga kelele kushinda watoto. Mamba wapo, nyoka wapo, mabwawa ya samaki yapo, ila ukiniuliza mi, vizimba huwa navipita haraka, mimi naenda kwa ajili ya ile njia yenyewe chini ya mivinje. Kodi mtembezaji. Bila mtembezaji utaona wanyama ukarudi, na mtembezaji utaelewa umeona nini, hawa jamaa wanajua kila mti na wanajua nyani yupi mwizi. Beba kitambulisho chako, manake Mkenya, mkaazi na mgeni kutoka nje kila mmoja ana bei yake. Chakula cha mkononi weka ndani ya begi ufunge zipu, nyani hawaombi.

Ukitoka Haller saa saba, mkala, mkapumzika, saa tisa mko bichi na maji ndio yanapanda. Siku za maji mafu unageuza, bichi asubuhi, Haller alasiri kwa twiga wa saa tisa na viboko wa saa kumi, yaani kama ratiba ya paki ilipangwa na mvuvi.

Sasa Pirates. Jina la serikali ni Jomo Kenyatta Public Beach lakini ukimwambia makanga hivyo atakuangalia tu, sema Pirates utashukishwa. Hii ndiyo bichi ya watu. Huingii kupitia geti la hoteli, hakuna mtu wa kukuuliza unakwenda wapi, unashuka na unaingia majini. Na kwa sababu ni ya watu ina kila kitu cha watu, ngamia wamevishwa shanga wanapita, wapiga picha, wanaokodisha tyubu za tairi na nguo za kuogelea, wauza madafu, viazi karai, mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, mabuyu mekundu yanayotia rangi midomo ya watoto wote. Kuna watu wanaisema vibaya kwamba ina fujo. Mi siikubali hiyo hukumu. Nimekaa pale Jumapili jioni nikaona bibi wa miaka mingi aliyekuja na kikundi cha kanisa kutoka mbali huko bara, hajawahi kuona bahari maishani mwake, ameshikwa mkono huku na huku na wajukuu, wimbi dogo likamgusa magoti akacheka mpaka akakaa chini na nguo zake. Hiyo nafasi bichi ya hoteli haimpi mtu wa aina ile. Ikipotea hii bichi, ama ikimezwa na kuta kama njia nyingi za kuteremkia baharini zilivyomezwa huku Pwani, tutakuwa tumepoteza kitu kikubwa sana.

Mwamba uko mbele kule nje unavunja mawimbi kwa hivyo maji ya ndani ni matulivu na chini ni mchanga, kwa wasiojua kuogelea ni pazuri. Lakini tahadhari ipo na naomba isomwe vizuri. Maji yakianza kupwa yanarudi nje kwa nguvu kupitia kwenye milango ya mwamba, na tyubu inakwenda nayo bila wewe kujua, umelala juu yake umefumba macho ukifumbua uko mbali. Ogelea maji yakipanda, yakishageuka rudi karibu. Mtoto kwenye tyubu awe na mtu mzima aliyeishika kwa mkono, kumwangalia kwa macho kutoka mchangani haitoshi. Na sikukuu za Disemba na Idd na Pasaka, panapokuwa na maelfu ya watu, wavalisheni watoto nguo za rangi moja ya kuonekana na mkubaliane mahali pa kukutania mtu akipotea, watoto wanapotea kila sikukuu na wengi wanapatikana, lakini ile saa moja ya kutafuta mzazi hawezi kuisahau. Simu na pesa mwachieni mtu mmoja asiyeingia majini.

Bei pale ni za mdomo. Ulizeni kabla ya kupanda ngamia, kabla ya kupiga picha, kabla ya kukaa kwenye kiti, mkubaliane ni kwa mtu ama kwa familia, ni kwa mzunguko ama kwa dakika, na ukisema hapana sema mara moja kwa upole, "asante kaka, leo hapana", inatosha, hawa ni vijana wanatafuta riziki na ukiwaheshimu wanakuheshimu. Ukikosea na mmoja si wote.

Wanaotaka utulivu waendelee kutembea. Kutoka Pirates ukielekea kusini mchanga unaendelea mpaka Nyali, mweupe na mpana, hoteli zimepangana lakini mchanga wenyewe wa mbele ni wa kila mtu, tembea kwa amani. Asubuhi mapema kabla ya jua kukolea ndio saa yake, na hapa niseme kitu ambacho wageni wengi hawakifikirii, bahari yetu iko mashariki. Jua linatoka majini, halizami majini. Kama unataka ile picha ya jua jekundu juu ya bahari amka saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili uwe umesimama mchangani, utakuta wavuvi wanarudi na ngalawa na wazee wa Nyali wanafanya mazoezi na mbwa wao. Jioni ukikaa pale kusubiri jua lizame baharini utasubiri bure, linazama nyuma yako huko nyuma ya majumba.

Baharini kwenyewe kuna paki pia, na watu wengi hukaa likizo nzima wakiogelea kando yake bila kujua. Mombasa Marine Park imehifadhiwa tangu 1986 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kipande chenyewe cha paki ni kama kilomita 10 za mraba na kimezungukwa na hifadhi kubwa zaidi. Unapanda mashua ya chini kioo pale Nyali ama Bamburi, mnakwenda mpaka kwenye matumbawe, wanaotaka kushuka wanashuka na miwani ya kuzamia. Hapa sasa maji ndio kila kitu. Maji yakijaa sana matumbawe yako chini mbali na kioo kinaonyesha kijani tu, yakikupwa kabisa mashua haipiti. Unataka yale masaa ya maji madogo lakini si makavu, na nahodha mzuri atakwambia mwenyewe "leo tutoke saa fulani", yule anayekwambia wakati wowote ni sawa twende tu, achana naye. Niliwahi kupanda na mmoja hivyo, simtaji, tulilipa pesa nzuri na tukaonyeshwa mchanga.

Na msimu pia. Kaskazi, yaani Disemba mpaka Machi hivi, bahari imelala na maji ni safi unaona mpaka chini. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili na hasa katikati ya mwaka, bahari inachafuka, maji yana mchanga ndani na mwani unatupwa ufukweni marundo kwa marundo. Watu wakija Julai wanauliza mbona bichi chafu. Si uchafu huo, ni majani ya baharini, yana kazi yake, yanashika mchanga usiondoke, na ndani yake kuna vidudu vinavyolisha ndege. Ila kuogelea ndani yake hakupendezi, nakubali, na harufu siku ya jua kali si nzuri. Julai ni mwezi wa paki za nchi kavu na upepo mtamu, hali ya hewa haina joto kali na unatembea mchana kutwa, we panga hivyo tu.

Kiingilio cha paki ya baharini ni cha KWS na hakiko ndani ya bei ya mashua, kinalipwa kwa mtandao si kwa noti, kwa hivyo ukiambiwa na mtu wa mashua ampe yeye kiingilio mkononi, mwambie akuonyeshe risiti. Chupa za plastiki za kutupa zilipigwa marufuku kwenye paki na bichi zilizohifadhiwa tangu Juni 2020, beba ya kujaza tena. Na jambo moja linaloniuma kweli. Kuna wenye mashua na watembezaji wanaochukua kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kutoka majini, wanampa mtalii amshike, wanamweka juu ya tumbo la mtoto wapige picha, wanampitisha mkono kwa mkono kwenye jua. Yule ni mnyama, anapumua majini, akikaa nje ya maji anaumia na wengi wanakufa baada ya kurudishwa, hata kama wakitupwa wanaonekana wazima. Ukikataa wewe mteja, hiyo biashara inakwisha. Sema "mwache majini, nitamwona hapo hapo." Na unapotembea kwenye mwamba maji yakikupwa usikanyage matumbawe, vaa viatu, tembea juu ya mchanga na mawe makavu, kuna wale wanyama wenye miiba mirefu myeusi pia na ukimkanyaga likizo yako imeishia hapo.

Jioni sasa. Jioni ni Mama Ngina Waterfront, huko kisiwani, wenyeji wengi bado tunaita Lights. Paliboreshwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019, sherehe za Mashujaa za mwaka huo zilifanyika hapo hapo, na tangu hapo kuna njia pana za kutembea, viti, ukumbi wa wazi wa ngazi, vibanda vya chakula. Wapo waliopenda ile ya zamani, ya majani na mawe, gari limesimama na mihogo juu ya boneti, na mi nawaelewa, ule uhuru ulikuwa na ladha yake. Ila ukiangalia sasa unaona wazee wenye fimbo na kina mama wenye mikokoteni ya watoto wanatembea sakafuni bila shida, watoto wanaendesha baiskeli, na hilo kwangu lina uzito zaidi. Mibuyu imeachwa imesimama mashallah, mikubwa, ipo hapo kabla ya mjenzi yeyote. Hakuna kuogelea hapa, ni jabali na chini mawimbi yanapiga, msiwaache watoto wapande ukingo hata kwa picha.

Kinachonileta Mama Ngina ni meli. Hapa ndipo mlango wa Kilindini, meli zote zinazoingia bandarini zinapita mbele yako, karibu kiasi kwamba unasoma jina na unaona watu juu yake, jengo zima la makontena linateleza kimya mbele ya mtoto anayekula krispi za mihogo. Sijui mahali pengine Kenya ambapo unapewa tamasha hilo bila tiketi. Upande ule ni Likoni, na feri zinakatiza usiku na mchana. Ukiwa na nafasi shuka ukapande feri, mtembea kwa miguu halipi kitu, unavuka unarudi, upepo wa katikati ya mlango ule ni dawa. Epuka saa ya watu kutoka kazini tu, msongamano wake si wa kutembeza watoto.

Krispi za mihogo kula hapo hapo zikiwa za moto, na ukwaju wa baridi. Ukikuta anayechoma mishakiki na foleni ni ndefu, panga foleni.

Ukiwa kwa gari la kibinafsi ama mmekodi, kuna Nguuni, huku juu nyuma ya Bamburi, ndugu ya Haller manake ilianzishwa na watu wale wale. Ni uwanda wa nyasi na mikoma na mabwawa, twiga, mbuni, pofu na choroa wanatembea wazi, ndege wengi sana, na hapa ndipo jua la jioni linapozama vizuri, mnaketi kwenye nyasi na chakula chenu mnaliangalia. Piga simu kabla ya kwenda mjue mmepangiwa nini, si mahali pa kuibuka tu. Watu wa picha za harusi wamepajua zamani. Matatu haifiki mpaka mlangoni, tuktuk inaweza lakini mwambie akusubiri, kurudi giza likishaingia ni shida.

Kufika Mombasa kwenyewe, wengi siku hizi wanakuja na treni ya SGR, tangu Januari 2024 daraja la kawaida kutoka Nairobi ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500, na siti za sikukuu zinakwisha mapema mno, usingoje wiki ya mwisho. Inakushusha Miritini, nje ya mji, na wanaofikia Bamburi ama Nyali wajue bado kuna safari nzuri tu hapo. Ndani ya mji matatu za barabara ya Mtwapa zinapita Haller na Pirates zote mbili. Daraja la Nyali jioni magari yanajaa yakitoka kisiwani, kwa hivyo we unayekwenda Mama Ngina unakuwa unapita upande usio na shida, ukirudi saa mbili usiku njia imefunguka.

Mavazi, bichi vaa unavyojisikia, ila ukitoka mchangani kuingia mitaani ama Mji wa Kale funga leso, ni heshima ya mahali na watu watakupokea kwa uso mwingine kabisa. Leso utaihitaji hata hivyo, ni taulo, ni kivuli, ni mkeka, ni ya kumfunika mtoto akilala kwenye matatu.

Na mkiwa na siku moja tu, kila mtu ananiuliza hiyo. Bamvua, Haller asubuhi, Pirates kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, halafu Mama Ngina. Maji mafu, Pirates saa mbili mpaka saa sita, Haller saa nane, Mama Ngina jioni. Kwa wazee wasioweza kutembea sana ondoeni Pirates muongeze muda Mama Ngina, na Haller muwaombe watembezaji wawapitishe njia fupi, wanaijua, na makobe wapo njia hiyo hiyo.